Kabaka Mwanga Mikononi mwa Wafanyabiashara wa Magu



Somo hili ni refu kidogo kuliko mliyoyazoea. Usilimalize kwa siku moja. Soma sehemu moja, funga kitabu, kisha mweleze mwenzako uliyoyasoma. Kama kuna neno linakushinda, liandike pembeni ulilete darasani.

Kabla ya kuanza, jifunze maneno matatu. Mtemi alikuwa mtawala wa nchi katika Unyamwezi na Usukuma. Kabaka ni mfalme wa Buganda. Mateka ni mtu aliyeshikwa na wengine, asiye na ruhusa ya kwenda atakako. Neno la nne ni hongo. Hilo unalijua, lakini utaona kwamba hulijui lote.

Njia ya misafara

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo watu walikwenda kwa miguu. Msafara ulitoka Bagamoyo, ukapita Ugogo, ukafika Unyanyembe baada ya miezi mitatu hivi. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 au zaidi, na juu ya mzigo huo aliweka mkeka wake na chungu chake. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi, yaani babu zetu.

Tabora ilikuwa njia panda. Njia moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji. Nyingine ilikwenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Nyingine tena ilipita Usukuma hadi ziwa kubwa, na huko watu walipanda mitumbwi. Nguo, ushanga, bunduki na baruti vilitoka pwani. Pembe za ndovu zilitoka bara. Watumwa pia walitoka bara, na hilo tusilifiche.

Msafara ulipoingia katika nchi ya mtemi ulisimama. Mtemi alituma watu wake kudai hongo. Wasafiri walitoa nguo, ushanga na masango ya waya. Mtemi akisema haitoshi, waliongeza. Mzungu aitwaye Speke alipita njia ya kaskazini ya Tabora mwaka 1861. Alipofika Usui, kwa mtemi Suwarora, alizuiwa siku nyingi. Hakuruhusiwa kuendelea mpaka hongo ilipokubaliwa na ngoma ikapigwa, ili watu wote wajue kwamba mambo yamekwisha.

Niliposoma habari hii darasani, mzee mmoja alicheka akasema, "Kumbe hongo ilianza zamani!" Nilimjibu kwamba neno ni lilelile, lakini jambo si lilelile. Hongo ya mtemi ililipwa mchana, mbele ya watu. Ilikuwa ushuru wa njia. Siku hizi mtu akisema hongo anasema habari ya rushwa, nayo haipigiwi ngoma. Mzee yule hakuridhika sana. Aliniuliza, "Na yule asiye na cha kulipa, alifanywaje?" Ni swali zuri. Habari ya Mwanga itatusaidia kulijibu.

Lakini kwanza ujue kwamba wafanyabiashara nao walikuwa na nguvu. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alipokufa, Mnywa Sele alishika utemi. Alitaka wafanyabiashara wa Tabora walipe ushuru kwa bidhaa zao. Walikataa. Kiasi cha mwaka 1860 walimwondoa kwa bunduki, wakamsaidia Mkasiwa kukalia kiti. Mnywa Sele alikimbia, akapigana porini miaka mingi, mwishowe akauawa mwaka 1865. Tangu hapo watu wa njia walijua kwamba mtawala aweza kuondolewa, na mwingine akawekwa, kama wenye bunduki wakipenda.

Mapinduzi ya Buganda

Sasa twende Buganda, mwisho wa njia ile ya kaskazini. Mwaka 1884 Kabaka Mutesa alikufa. Mwanawe Mwanga alitawazwa. Alikuwa kijana wa miaka 18 hivi, na mambo aliyoyakuta yalikuwa mazito kuliko umri wake.

Ikulu ilijaa vijana waliojifunza dini mpya. Wengine walikuwa Waislamu, wengine Wakatoliki, wengine Waprotestanti. Vijana hao waliitwa wasomaji, kwa sababu waliojiunga na dini walijifunza kusoma. Angalia, ndugu msomaji: katika Buganda ya siku zile, kusoma kulikuwa jambo la kutisha wakubwa.

Mwanga aliogopa. Aliona kwamba vijana hawa wanamtii mwingine kuliko yeye. Mwaka 1885 askofu mmoja Mwingereza, Hannington, aliuawa kwa amri yake. Mwaka 1886 aliwaua vijana wengi Wakristo, na wengine walichomwa moto mahali paitwapo Namugongo. Hatutamsifu kwa hayo. Kabla ya kumhurumia mbele ya safari, ujue kwamba mikono yake ilikuwa na damu.

Mwaka 1888 alifanya shauri baya zaidi. Aliwaita vijana wa vikosi vya bunduki, Waislamu na Wakristo pamoja, ili wapande mitumbwi waende ziwani. Shauri lenyewe lilikuwa kuwaacha katika kisiwa wafe kwa njaa. Siri ilitoka. Vijana walifika pwani ya ziwa, wakakataa kupanda. Watu wa dini tatu waliokuwa wakichukiana sasa wakashikamana. Mwezi wa Septemba 1888 walikwenda ikulu wakiwa na bunduki, na Mwanga akakimbia. Kaka yake, Kiwewa, akawekwa katika kiti.

Hayo yalikuwa mapinduzi, maana si mfalme tu aliyebadilika. Zamani Kabaka aliwachagua watu wa ikulu. Sasa watu wa ikulu walimchagua Kabaka. Lakini umoja wao haukudumu hata miezi miwili. Mwezi wa Oktoba Waislamu waliwafukuza Wakristo. Kiwewa naye akaondolewa, na ndugu yake Kalema akashika kiti.

Magu

Mwanga alikimbia kwa mitumbwi kuelekea kusini, pamoja na watumishi wachache. Alikuwa na bunduki kadhaa na mali kidogo. Alifika Magu, katika Usukuma, upande wa mashariki wa Mwanza.

Kwa nini Magu? Palikuwa na wafanyabiashara Waarabu waliofika huko kwa njia ya Tabora. Walinunua pembe, na walikuwa na uhusiano na wenzao wa Buganda. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wa namna hii walikuwa wageni wa baba yake, Mutesa. Walikula kwake, walipata pembe kwake, walimwita mfalme. Nadhani Mwanga alifikiri kwamba wema ule utarudi.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Magu hakupewa jembe. Alinyang'anywa. Bunduki zilichukuliwa, na mali aliyokuja nayo ikachukuliwa. Alikaa pale katika dhiki kubwa, kama mfungwa. Usifikiri habari ya pingu na minyororo. Mtu asiye na bunduki, asiye na mtumbwi, asiye na nyumba wala rafiki katika nchi ngeni, huyo hahitaji kufungwa kamba.

Hapa tufikiri kidogo. Wafanyabiashara wale walikuwa na sababu mbili za kumshika. Ya kwanza ni mali, na hiyo ni wazi. Ya pili ni siasa. Huko Buganda waliotawala sasa walikuwa watu wa upande wao. Mwanga akirudi, biashara yao ingeweza kuharibika. Akikaa Magu, hana hatari. Tena kama mambo yakigeuka, bado wao ndio wenye mfalme mkononi. Kwao Mwanga alikuwa kama pembe ya ndovu iliyowekwa ghalani ikisubiri bei.

Na bei ya kila kitu ilikuwa imevurugika mwaka ule. Pwani, Abushiri bin Salim aliongoza watu kupigana na Wajerumani. Barua na mizigo ya watu wa bara haikuwa na uhakika wa kufika. Wamisionari wa Kipalapala, karibu na Tabora, waliacha kituo chao mwaka 1889. Waarabu wa bara walimwogopa Mzungu, na Wazungu wa bara waliwaogopa Waarabu. Katika wakati kama huo mwenye mali huishika kwa mikono miwili, na asiye na mali hana mtetezi.

Sasa kumbuka swali la yule mzee. Katika njia ya misafara watawala ndio waliodai hongo kwa wafanyabiashara. Magu mambo yaligeuka juu chini. Wafanyabiashara walimtoza mfalme. Na tofauti ni hii: msafara ukilipa, ngoma ilipigwa ukaenda zako. Mwanga alitoa alichokuwa nacho, na njia haikufunguliwa.

Bukumbi

Mwisho wa mwaka 1888 Mwanga alitoka mikononi mwa watu wa Magu akafika Bukumbi, kusini ya Mwanza. Bukumbi palikuwa na kituo cha mapadre wa Kifaransa, wale wanaoitwa White Fathers. Baadhi yao walikuwa wamefukuzwa Buganda mwezi wa Oktoba, wakaja hapo wakiwa hawana kitu.

Jaribu kuona jambo hili kwa macho yako. Mapadre wale waliwafundisha vijana waliochomwa Namugongo. Waliyajua majina yao. Na sasa mtu aliyetoa amri amekuja mlangoni pao, amechakaa, anaomba mahali pa kulala. Wangeweza kumrudisha Magu. Walimpokea. Hawakumpa jeshi, lakini alipata chakula na usalama, na akaanza kufundishwa dini.

Je, walimpokea kwa huruma tu? Mimi nadhani huruma ilikuwapo. Lakini mapadre walijua pia kwamba mfalme aliyeokolewa atakumbuka nani alimwokoa. Mambo mawili yanaweza kukaa katika moyo mmoja.

Huko Buganda Kalema aliogopa kwamba Wakristo watampata mwana wa mfalme wakamfanya Kabaka. Mwaka 1889 aliwaua wana wa ukoo wa kifalme, wanaume kwa wanawake, na Kiwewa pia. Kwa hiyo thamani ya yule mkimbizi wa Bukumbi ilipanda ghafula. Wakristo waliokimbilia Nkore walikaa shauri, wakatuma watu kwa Mwanga wakimwomba arudi awaongoze. Mmoja wa wakubwa wao alikuwa Honorat Nyonyintono. Mtu huyu mwaka 1886 aliumizwa vibaya mwilini kwa amri ya Mwanga, kwa ajili ya dini yake. Sasa alimtaka Mwanga awe mfalme tena, na katika vita hivyo hivyo vya kumrudisha Nyonyintono aliuawa.

Barua na mashua

Mwanga hakuwa na askari, lakini kulikuwa na karatasi. Mwaka 1889 aliandikiwa barua kwenda kwa Mackay, mmisionari wa Kiingereza aliyekaa Usambiro, naye pia upande wa kusini wa ziwa. Katika barua hiyo aliomba yaliyopita yasahauliwe, na akaomba msaada wa kurudi katika kiti chake. Yeye aliyewaogopa wasomaji sasa alihitaji barua imwombee.

Mackay hakutaka kuingia katika vita. Aliyekubali alikuwa mtu wa namna nyingine. Jina lake Charles Stokes, mtu wa Ireland. Alikuja Afrika mwaka 1878 pamoja na wamisionari wa Kiingereza, kisha akaacha kazi yao akawa mfanyabiashara wa pembe na bunduki. Misafara yake ilijaa wapagazi Wanyamwezi. Makao yake yalikuwa Usongo, kwa mtemi Mtinginya, na mke wake Limi alikuwa Mnyamwezi wa ukoo wa kitemi. Stokes alijua Kinyamwezi, alijua njia, na alikuwa na mashua ya tanga ziwani.

Mwezi wa Mei 1889 Mwanga alipanda mashua ya Stokes. Walivuka ziwa kwenda Buddu, wakapigana, wakashindwa. Wakarudi katika visiwa vya Sese, ambako watu wa mitumbwi walimkubali Mwanga. Hiyo ilikuwa bahati kubwa, kwa kuwa mwenye mitumbwi ya Sese ndiye mwenye ziwa. Stokes alileta bunduki nyingine. Mwezi wa Oktoba Mwanga aliingia mji wake mkuu. Mwezi wa Novemba alifukuzwa tena. Mwezi wa Februari 1890 aliingia tena, na safari hii hakutolewa. Kalema alikimbilia Bunyoro, akafa huko mwaka uleule.

Deni

Masimulizi mengine humalizia hapo: mfalme aliteswa, mfalme akarudi. Mimi naona habari yenyewe ndipo inapoanza.

Kule Magu walimnyang'anya alichokuwa nacho. Kilichofuata kilikuwa kikubwa zaidi, maana alidaiwa asichokuwa nacho bado. Stokes hakuwa mtu wa sadaka. Bunduki zake zilikuwa bidhaa, na Buganda yenye pembe ilikuwa soko. Mapadre walingoja nafasi ya dini yao. Waprotestanti walingoja ya kwao. Vyeo vya nchi viligawanywa kati ya wakubwa wa pande mbili, huku Kabaka akitazama. Alipokuwa bado anapigana, aliomba msaada wa Jackson, mtu wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa upande wa mashariki wa ziwa. Jackson alimpelekea bendera. Maana yake ni kwamba msaada upo, ila ukubali kwanza kuwa chini ya kampuni.

Mwanzoni mwa 1890 akafika Mjerumani, Carl Peters, na karatasi yake. Mwanga akatia sahihi. Mwezi wa Desemba 1890 akafika Mwingereza, Lugard, akiwa na askari na bunduki ya mashine. Siku chache baadaye Mwanga akatia sahihi tena, safari hii bila kupenda. Kumbe Wazungu wenyewe walikwisha kugawana nchi huko Ulaya mwezi wa Julai mwaka uleule. Magu, Bukumbi na Tabora zilikuwa upande wa Wajerumani. Buganda ilikuwa upande wa Waingereza. Hakuna aliyemwuliza Kabaka, wala mtemi Isike wa Unyanyembe, wala wewe ungekuwapo usingeulizwa.

Wakati huo Mwanga hakuwa na mtu hata mmoja wa kumwendea ambaye hamdai. Aliyemlisha anamdai. Aliyempa mashua anamdai. Aliyempigania anamdai. Mwaka 1888 alikuwa mateka katika kijiji cha wafanyabiashara. Mwaka 1890 alikuwa katika ikulu yake, kwenye kilima cha Mengo, na ngoma zake zikipigwa. Watu wa darasa langu walibishana sana juu ya jambo hili: wapi alikuwa mfungwa zaidi? Wanawake wengi walisema Mengo. Mama mmoja alisema, "Anayechukua mbuzi wako amekwisha kuchukua. Anayekukopesha mbuzi atakuja kila siku." Wanaume wengi walisema Magu, kwa sababu mfalme mwenye njaa si mfalme. Mimi nilikuwa upande wa akina mama.

Mwaka 1897 Mwanga aliasi. Alitoroka Mengo akaenda Buddu kupigana na Waingereza, akashindwa. Akakimbilia tena upande wetu wa kusini, kama alivyofanya miaka tisa kabla. Wajerumani walimshika. Akatoroka, akapigana tena. Mwaka 1899 Waingereza walimkamata pamoja na Kabarega wa Bunyoro, aliyekuwa zamani adui wa Buganda. Walipelekwa visiwa vya Shelisheli, mbali katika bahari. Huko Mwanga alibatizwa Danieri, na huko alikufa mwaka 1903. Mifupa yake ilirudishwa Buganda mwaka 1910.

Stokes alikuwa amekufa kabla yake. Mwaka 1895 afisa mmoja wa serikali ya Kongo alimshitaki kwa kuwauzia maadui bunduki. Hukumu ilitolewa upesi, akanyongwa. Wapagazi wake wakabaki Kongo na mizigo ya mtu aliyekufa, na njia ya kurudi Unyamwezi ilikuwa ndefu.

Maswali

1. Hongo ya zamani ilikuwa nini? Eleza tofauti yake na hongo ya siku hizi.
2. Kwa nini Mwanga alichagua kukimbilia Magu?
3. Wafanyabiashara wa Magu walikuwa na sababu gani mbili za kumshika Mwanga?
4. Jambo gani lilipandisha thamani ya Mwanga mwaka 1889?
5. Chora ramani ndogo. Onyesha Bagamoyo, Tabora, Magu, Bukumbi na Mengo.
6. Zungumzeni darasani: Magu na Mengo, wapi Mwanga alikuwa mfungwa zaidi? Kila mmoja aandike jibu lake kwa sentensi tatu, kisha alisome kwa sauti.